Hesabu ya Kunguru

Bunduki ya upepo ya marehemu ami,
kitako kimefungwa mpira wa baiskeli.
Darubini nimeiokota Kongowea, kwenye rundo la miwani;
ina ufa kama unywele, nishauzoea.
Mfuko wa kuegemezea ni mguu wa suruali ya shule,
nimeujaza mchanga, nikaushona.

Miezi mitatu, timbo la zamani la Bamburi,
nikilenga vifuniko vya kopo.
Hatua thelathini: katikati.
Hatua sitini: risasi huinama
kama mtu apitaye mlango mfupi.
Upepo nausoma kwenye uzi mwekundu juu ya kijiti.
Yote nayaandika daftarini,
nyuma ya deni la unga.

Kisha Bi Rukiya wa Kisauni akaniita:
kunguru wamemla kifaranga wa sita.
Juu ya mnazi walikuwa wanane.
Nikalala kifudifudi, nikashusha pumzi nusu.

Mmoja akaanguka.

Waliobaki hawakuruka mbali.
Walinitazama.

Siku hizi napita mtaa huo mikono mitupu,
mkate wa mofa kwapani,
na bado mnazi mzima hulipuka kelele.
Kunguru mwoga, wasema, hukimbiza mbawa zake.
Hawa hawakimbii.
Wananihesabia hatua.