Kibanio

Gyumri, Januari. Arpine yuko dirishani,
kioo mkono huu, kibanio mkono huu,
akiwinda unywele mmoja chini ya kidevu
kabla mama mkwe hajaamka.

Miezi minne hajaona siku zake.
Daktari Hasmik alimchorea nyuma ya risiti:
vifuko vidogo vya mayai, vimejipanga ukingoni
kama watu waliokosa basi.
“Havikukataa kukua. Homoni ya kiume imezidi,
vikasimama njiani.”

Ya kiume! Alicheka mpaka akalia.
Babu yake, seremala, alikufa bila ndevu za kujivunia.

“Ni chumvi,” alisema daktari. “Kila mwanamke anayo.
Mchuzi wako umetiwa mno.”

Umeng’oka. Mweusi, mnene, mkaidi.
Anaubandika kwenye barafu ya dirisha, anautazama.
Jikoni kahawa inafurika.
“Arpine!”