Aliyekula Chumvi

Nje ni Julai, Cambridge imevua koti,
wanafunzi wamelala nyasini kama nguo zilizoanguka kambani,
nami navaa makoti mawili, soksi tatu,
kofia ya sufu aliyonifumia Morwenna kabla hajastaafu,
nasukuma mlango wa chumba cha baridi:
nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri.

Mche wa barafu unanisubiri mezani,
mrefu kama mkono wangu, mweupe kama mche wa sabuni.
Umetoka kusini kabisa, mita sitini chini ya theluji,
mahali ambapo hapajawahi kuiona bahari.
Ndipo tunapouliza habari za bahari.

Kwetu mzee husemwa kala chumvi nyingi.
Huyu kala kwa kupimiwa, punje kwa bilioni.
Bahari ikiganda hutema chumvi yake juu,
theluji huinywa, dhoruba huibeba theluji,
na safu ya majira ya baridi huja na ukali kidogo.
Kisha jua hurudi, ukingo wa barafu huvunjika,
mimea midogo isiyoonekana kwa macho huchachamaa majini,
hufa, huacha ile harufu tunayoiita ya pwani;
harufu hupaa, hugeuka asidi,
hutua bara kimyakimya juu ya chumvi.
Chumvi, asidi. Chumvi, asidi.
Hivyo ndivyo ninavyohesabu.

Kidole kitupu ni marufuku.
Jasho la ncha ya kidole changu latosha
kuzua bahari ya barafu ambayo haikuwahi kuwepo.

Sahani ya moto inauyeyusha mche kutoka chini.
Mwaka mmoja, dakika moja na nusu.
Maji ya katikati huingia kwenye bomba jembamba,
ya pembeni, yaliyoguswa na dunia, tunayamwaga.

Leo asubuhi umepita mwaka ambao huenda mama alizaliwa.
Huenda. Karatasi za uhamiaji zasema tarehe mosi Januari,
tarehe ambayo karani wa Tabora aliwagawia
wote waliofika dirishani bila cheti.
Bibi alikuwa na kalenda yake:
nzige walipokuja, Nyamizi hajaota jino;
mvua ilipokataa, Nyamizi ameshajua kuiba karanga.

Nilipomsimulia Morwenna alicheka, kisha akanyamaza.
"Bibi yako," akasema, "tungemwajiri."
Maana sisi nasi tuna nzige wetu: majivu ya volkeno,
ukoga mwembamba wa kijivu
tunaoushika kama ukuta, umeme ukikatika.

Sisemi barafu haidanganyi.
Upepo ukibadili njia, chumvi hupungua
na bahari ikabaki imeganda vilevile.
Asidi nayo ina miguu: huhama polepole
kutoka kiangazi chake hadi kwa jirani wa baridi,
ukadhani kitu kilichanua gizani.
Kwa hiyo kila tarakimu naiandikia mwenzake,
ukubwa wa nisichokijua.
Kuna kurasa ambazo mwenzake ndiye mkubwa.

Lakini miche ya juu, ile ya miaka ya karibuni,
laini, yenye mapovu, inayovunjika ukiikoholea,
mstari wake sikuhitaji miwani kuusoma.
Niliuchapisha mara mbili. Nilidhani mashine ina hitilafu.

Jioni nampigia mama, amelala mapema siku hizi.
"Nimeupitia mwaka wako."
"Upi?"
"Ule wa nzige. Bahari iliganda mbali sana, mama,
siku nyingi za kutembea kutoka nchi kavu."
Anafikiri. Nasikia redio yake, mtu anataja bei ya mahindi.
"Basi kulikuwa na baridi."
"Huko, ndiyo."
"Na huku tulikuwa na nzige," anasema,
kama anayerekebisha hesabu yangu,

nami naliandika hilo pia, kwa penseli,
pembezoni mwa ukurasa, pasipo na safu yake.