Nusu Chini ya Friji

Nilimkuta mama amepiga magoti jikoni,
paji la uso limegusa sakafu, tochi mkononi.
Nikasimama mlangoni na theluji viatuni,
nikanyamaza. Nilidhani anasali.

"Nusu imeruka," akasema bila kugeuka.
"Imeingia chini ya friji. Niletee ufagio, Coralie."

Mezani kisu cha kumenyea viazi,
kisahani cha bluu, chupa ya dawa ya presha,
na daftari lenye mwandiko wake wa shule:
Jumatatu, nusu. Jumanne, nusu.
Jumatano bili ya gesi imekuja, hakuna.
Alhamisi kichwa kinagonga kama nyundo za mgodini.

Miaka sabini na tisa, mjane wa mchimba shaba,
aliyelipa kila deni katika mji huu wa Butte
kabla mwenyewe hajabisha hodi,
sasa anaikopa damu yake.

Kesho yake tukaenda kwa mfamasia,
kijana Teague, shingo nyembamba ndani ya koti jeupe.
Akaitazama kompyuta, akashusha sauti kama anayetangaza msiba:
"Bi Trevenna, ipo ileile isiyo na jina kubwa.
Ya miezi mitatu, dola kumi na nne.
Usipitishe kwenye bima. Ukipitisha, inapanda."

Nilitarajia atabasamu.
Mama akavua glovu moja, akaiweka kaunta.
Akavua ya pili.
"Tangu lini?"
"Miaka sita, nadhani."
"Na kila mwezi nimesimama hapa."
"Hukuuliza, bibi."
"Kuuliza si ujinga, najua.
Ila nani hubisha mlango asioujua?"

Foleni nzima ikatazama viatu vyake.
Kisha mzee mmoja akasogeza mkongojo wake mbele:
"Na hii yangu, kijana? Iangalie na hii."
Nyuma yake mkoba ukafunguliwa. Na mwingine.

Usiku niliivuta friji.
Vumbi, kizibo cha soda, pipi iliyokauka,
na nusu. Si moja. Saba.
Mama akazipangusa kwa aproni,
akaziunganisha mbili mbili kwenye kisahani
mpaka ikabaki moja isiyo na mwenzake.
"Hii," akasema, "ndiyo ya jana."

Akafungua chupa mpya, akameza kizima.
Halafu akakiosha kisu, taratibu,
akakirudisha kwenye viazi.