Mia na Kumi na Mbili

Agosti tulikwenda kwa sababu ya mvua.
Basi la Burnley lilitupita, likatumwagia dimbwi,
na geti lililokuwa wazi ni lile la uwanja.
Pauni sita kila mtu, akasema mzee Clifford wa tiketi,
ila kwa kuwa mna mwavuli mmoja, tano.

Hatukujua timu ipi ni yetu.
Shekue akawachagua wenye jezi za kahawia,
rangi ya chai iliyosahaulika mezani,
kwa kuwa walikuwa wameshafungwa tatu
na golikipa wao bado anawapigia wenzake makofi.

Basi, ikawa hivyo.
Mimi hutoka alfajiri kufua mashuka ya hospitali,
yeye huingia ghala la viatu
wakati mimi navivua vyangu.
Wiki nzima kati yetu ni karatasi juu ya friji:
maziwa yamekwisha,
mama yako kapiga simu,
usisahau ufunguo.
Lakini Jumamosi, saa tisa mpaka saa kumi na moja kasorobo,
tuliegemea chuma kimoja nyuma ya goli la upande wa kiwanda,
bega kwa bega,
tukimtukana refa kwa lugha asiyoijua.

Kiwanda chenyewe kilikufa zamani, imebaki dohani.
Labda bafta ya bibi yangu ilifumwa humo, nani ajuaye.
Sasa ndani wanauza mazulia.

Ilipofika Oktoba tulijua majina.
Kieran, nambari tisa, husambaza vifurushi;
hata kwa mlango wa goli alibisha na kuondoka.
Golikipa Lomax ni fundi bomba.
Letu lilipopasuka akaja na begi lake,
akalala chali chini ya sinki,
na Shekue akamshikia tochi
kwa mikono miwili, kama anamshikia mfalme taa.
Hilo alilidaka.
Jumamosi iliyofuata alipitisha manne.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, walisema wahenga.
Wahenga hawakusimama hapa Januari,
miguu ganzi ndani ya soksi mbili,
pai ya jibini inaunguza ulimi, vidole vimeganda,
dakika ya tisini na mbili, kona, kichwa, wavu,
wavu wetu.
Tulikubali. Tulikubali mpaka tukachoka kukubali.

Februari ghala likamtaka Shekue na mchana.
Nilikwenda peke yangu,
nikasimama nimeacha nafasi ya mtu kushotoni.
Bi Doreen akamimina vikombe viwili vya chai
kabla sijafungua mdomo.
Halafu kile kipaza sauti kinachokohoa
kikatangaza mahudhurio, kama kila wiki:
asanteni, leo mko mia na kumi na moja.

Wiki iliyotangulia tulikuwa mia na kumi na mbili.

Nilikunywa chai zote mbili.
Usiku nikaandika kwenye friji:
Sare, moja kwa moja. Kieran, kwa goti.
Aliyepungua ni wewe.
Asubuhi karatasi haikuwepo.
Niliikuta Aprili ndani ya mfuko wa koti lake,
nikitafuta sarafu za pai,
imekunjwa mara nne, imelainika kama kitambaa.

Hiyo ndiyo siku tuliyoshuka daraja.
Hakuna aliyepiga kelele.
Lomax akatupigia makofi, sisi tukampigia yeye,
na mzee Clifford akalirudisha geti polepole
kama mlango wa chumba alimolala mtoto.

Juni hakuna mechi, nyasi zimezungushiwa kamba.
Tulipewa brashi mbili na kopo la rangi ya kahawia
tupake uzio, kuanzia kibendera cha kona
hadi kibanda cha Bi Doreen.
Tulipofika pale petu Shekue akasita.
Hapa pasiguswe, akasema, ona viwiko vyetu vilivyopachubua.
Nikamwambia: mwaka mmoja hauli chuma.
Akalitazama kopo. Akalitazama goli lisilo na wavu.
Basi tuongeze, akasema,
akachovya brashi, akapaka.

Rangi ilikuwa bado mbichi
tulipoegemea.