Malai Machachu, Kikombe Kimoja

Daftari la marehemu lina doa la siagi
kwenye ukurasa wa keki ya Idi.
Mwandiko wa Somoe umelala upande,
kama mtu apishaye punda kichochoroni.
Unga vikombe viwili. Mayai matatu. Iliki.
Na hapo chini, kwa wino wa kijani:
malai machachu, kikombe kimoja.

Nikashuka hadi dukani kwa Famau.
Akatazama darini, akatazama mizani,
akaniuliza, "Malai yapi, bibiye? Ya kujipaka?"
Wa barazani wakapaliwa na kahawa.
Nikaagiza Mombasa. Kopo likaja kwa basi,
siku nzima juani, likavuka Mokowe limevimba mashavu;
nilipolifungua, paka wote wa Langoni
wakainuka, wakaenda zao.

Basi nikaanza kubahatisha.
Kwanza maziwa ya pakiti na ndimu:
yakakatika vipande, yakanitazama.
Kisha kasimile lililolala usiku, na tone la siki.
Keki ikaumuka, laini, haina kosa,
ila nyumba nzima ikanukia mkate wa sinia,
na Barke, miaka tisa, akakirudisha kipande sahanini:
"Si yenyewe."
Hakusema si tamu.
Si tamu ningeijulia dawa.

Alhamisi huvuka Habona na vibuyu vyake,
vimefukizwa moshi hadi ndani.
"Nataka mtindi mzito," nikamwambia,
"wa kusimamisha kijiko."
"Mzito hauuzwi," akasema. "Mzito hungojewa."

Nikaumimina kwenye shashi, nikapiga fundo,
nikautundika kwenye msumari wa jikoni, bakuli chini.
Usiku kucha: to.
To.
Mume wangu akageuka kitandani.
"Mvua?"
"La. Keki ya mkeo."
Hakulala tena. Tukasikiliza wote wawili.

Asubuhi donge jeupe, limekaza,
chachu ya kukunja jicho moja, si yote mawili.
Nikapima kikombe,
na nusu kijiko cha magadi ya keki
ili uchachu upate wa kugombana naye.
Maji yaliyochuja nikakandia mahamri.
Barke akala. Hakusema neno.
Akaokota na makombo, kwa kidole alichokilowesha ulimini.

Tangu hapo nimejua na mengine.
Kwenye mchuzi wa kuku usiutie juu ya moto:
epua kwanza, koroga upande mmoja, kama tui,
usije ukakukatikia mbele ya wageni.
Kwenye viazi vya kuchoma, chumvi na majani ya kitunguu, basi.
Usiombe zaidi.

Juzi akaja shangazi yake Somoe kutoka Siyu,
akaikuta shashi inaning'inia.
Akacheka hadi mtandio ukamwanguka.
"Na yeye hapo hapo! Msumari huo huo!
Malai angeyapata wapi, mwanangu?
Alinakili kitabu cha hoteli, neno kwa neno.
Aliona haya kuandika mtindi."

Alipokwenda kuswali nikautazama ule msumari.
Umepinda shingo kidogo, unang'aa upande wa chini,
pale kitambaa kinapokaa.
Miaka miwili nilidhani ni wa taa.

Sijamwambia Barke.
Akiniuliza mamake alitia nini, nasema malai,
ya kopo, yakitoka mbali.
Ananiamini nusu. Kisha huchukua jagi
akaenda gatini kumngojea Habona,
na akirudi hataki nimshikie shashi:
fundo hupiga mwenyewe,
kwa meno.