Mim Ikawa E

Daftari lilikuja ndani ya boksi la sabuni,
jalada limetafunwa na mende pembeni:
Chama cha Kuzikana, Gerezani.
Wanachama mia mbili na kumi na nne,
wote kwa mkono wa marehemu katibu, Mwinyikondo,
Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu,
wino wa buluu uliochakaa ukawa kijivu.
"Tutengenezee kadi," alisema Bi Mwanakheri, mweka hazina.
"Za mashine. Ila majina yabaki kama alivyoyaandika."

Nikakubali. Kodi ya chumba, Mtaa wa Mchikichi,
ilikuwa imepitiliza wiki mbili.

Nikayaingiza kwa herufi pana:
kila herufi nikaipa baiti nne, chumba, sebule, jiko na stoo,
hata kama yenyewe inalala kwenye mkeka mmoja.
Kwingine kote sifuri.
Nikampa kompaila. Akasoma, akakohoa mara moja
kwa maandishi ya zambarau:
onyo, umeahidi nyembamba, unaleta pana.
Onyo si kosa. Onyo ni jirani anayekwambia
mlango wako haujafunga vizuri, naye huyo, anapita zake.
Feni ilikuwa inazunguka.
Mwenye umeme Kariakoo saa nane mchana
habishani na jirani.

Printa ikaanza kulia.

Ramadhani akatoka 1.
Zainabu, 2.
Salumu, 3. Shomari, 4.
Hadija akatoka nukta,
nukta tu, katikati ya kadi nyeupe,
kama nzi alitua akaondoka.
Na Mwanakheri mwenyewe, binti Kondo: E.

Sasa najua. Mchapaji aliambiwa asome baiti moja moja
mpaka akutane na sifuri.
Ya kwanza akaipa sura aliyoizoea,
ya pili haina sura, ya tatu ni sifuri,
akadhani jina limekwisha, akafunga kinywa.
Sasa najua. Siku ile nilisimama tu
nikimtazama Bi Mwanakheri anazipanga mezani kama karata,
anainua moja, anainua nyingine.
"Mwanangu," akasema, "umetuhesabu.
Tulikuomba ututaje."

Usiku nikalirudia lile onyo.
Ilipungua l moja, nyembamba kama njiti ya kiberiti,
baina ya alama ya asilimia na s.
Nikaichomeka. Kompaila akanyamaza,
na kimya chake nikakilalia fofofo.

Asubuhi kadi zikatoka tupu.
Nyeupe pe, zote, hata ile nukta ya Hadija hakuna.
Kumbe programu haikuambiwa iko wapi, inasema na nani,
na isipoambiwa hujifanya
haijapata kuona herufi isipokuwa za shule moja tu.
Kompaila hakulisema hilo. Yeye hukagua ahadi,
safari haimhusu.
Nikaongeza mstari mmoja juu kabisa,
ambao kwa Kiswahili ni: amka, tuko Dar es Salaam.

Zikaja. Mim ikawa mim.
Lakini printa yangu ya mkopo haikufunzwa kuunganisha:
kila herufi imesimama kivyake,
mim haikushikana mkono na wau,
kama watu kwenye foleni ya maji
ambao wamegombana jana.

Nikafungua mdomo niombe siku mbili zaidi.
Bi Mwanakheri alikwisha kuvaa miwani.
Akatoa kalamu kwenye mkoba, akaanza na Hadija,
taratibu, ulimi umebana kwenye pembe ya mdomo,
akifuata njia za Mwinyikondo pale daftarini,
kiungo hiki, na hiki.
"Wewe andika bili," akasema bila kuinua kichwa.

Zile kadi mbovu nilikuwa nimezitia kwenye ndoo ya taka.
Alipoinuka kuondoka, aliinama, akapekua,
akaitoa E yake,
akaifuta vumbi kwa kidole gumba,
akaitia mkobani.
Sikumuuliza.