Rahisi

Ondina Kosuta hupima kila kitu.
Miaka thelathini na moja kwenye mizani za bandari ya Trieste
alipima magunia ya kahawa, akatoa uzito wa gunia tupu,
akaandika kilichobaki kwa penseli.
Hata leo, mstaafu wa goti bovu,
ghorofa ya nne, nyumba isiyo na lifti,
haoni furushi asilikadirie gramu.

Mashine aliletewa na mwanawe, Krismasi.
"Unabonyeza tu, Mama," alisema Ivo,
akabonyeza, ikanguruma kama jirani anayesukuma kabati,
ikatema povu la rangi ya kamba mpya.
Sekunde ishirini na tano.
Kisha Ivo akawahi treni ya saa nane kurudi Graz.

Tangu hapo, kila asubuhi, vidonge viwili:
kimoja cheupe, cha presha, ambacho serikali humlipia,
kimoja cha alumini, cha kahawa,
senti arobaini na nne.

Hesabu aliipiga nyuma ya bahasha ya bili ya gesi.
Kidonge, gramu tano.
Sanduku, vidonge hamsini, euro ishirini na mbili.
Yaani robo kilo.
Yaani kilo moja, euro themanini na nane.
Akairudia, maana kwa bei hiyo, enzi zake,
bandarini wangeita polisi.

Robo ile ile, iliyosagwa, dukani kwa Furlan:
euro nne, na pole ya goti juu yake.
Kikombe cha baa kwa Egidio: moja na nusu,
na gazeti, na kiti cha dirishani,
na watu wawili watatu wa kuwateta.
Hayo hakuyaandika. Hayakai kwenye mizani.

Neno letu hili, rahisi, lina ndimi mbili.
Rahisi ya mkono si rahisi ya mfuko,
na muuzaji hutamka moja
huku akikuuzia nyingine.

Tena, rahisi kwa nani?
Jioni Ondina huketi na kijiko cha chai,
anapasua vidonge vya juma zima kimoja kimoja,
machicha kwenye chungu cha rihani,
alumini kwenye mfuko wake,
kucha nyeusi kama za fundi baiskeli.
Dakika kumi na nane. Alizipima.

Ila upepo wa Bora ukishuka kutoka mlimani,
ukavunja miavuli na kuangusha pikipiki,
wazee wakatambaa na kuta,
yeye yuko jikoni na soksi za sufu,
anabonyeza.
Siku hizo hana neno baya la kusema.

Na kuna jambo ambalo Ivo hakulijua aliponunua.
Birika la Pino ni la vikombe vitatu.
Ukilijaza nusu linakasirika,
kahawa inaungua, inaonja chuma.
Miaka miwili baada ya mazishi
Ondina alipika vitatu,
akanywa kimoja, viwili akavimwaga kwenye sinki,
au akavinywa vyote, moyo ukamwenda mbio hadi adhuhuri.
Kidonge hakiulizi mko wangapi.
Kimeumbwa kwa ajili ya mtu mmoja,
na kwa hilo, asubuhi nyingine, anakishukuru,
na asubuhi nyingine angekitupa dirishani.

Ivo hupiga simu Jumapili.
"Inakusaidia?"
"Inanisaidia."
Ile themanini na nane haitaji.
Mtoto hapewi risiti ya zawadi yake.

Simu ikikatika, analishusha birika kabatini,
analijaza maji matupu, anawasha gesi.
Ili mpira usikauke, anasema,
ingawa hakuna aliyemuuliza.
Maji yanapanda, yanakoroma kooni,
kama zamani, jiko zima linasikia.
Anasimama hapo, mkono kwenye mpini,
na gesi inawaka,
na bahasha iko mezani,
na penseli haigusi.